Kauli ya kutendwa ya Kiingereza: lini uitumie, lini uihoji

Mwanafunzi wa sekondari hupewa sentensi ya Kiingereza na kuamriwa aigeuze kutoka kauli ya kutenda iwe ya kutendwa. Akikosea, alama zinakwenda. Miaka michache baadaye yuko ofisini, anaandika ripoti kwa kauli hiyohiyo aliyoihangaikia darasani, na Microsoft Word inamchorea mstari chini ya sentensi na kumshauri aiandike upya kwa kauli ya kutenda. Amsikilize nani? Ushauri wangu ni kwamba asimsikilize yeyote kati yao kabla hajajiuliza swali dogo: sentensi hii inamzungumzia nani?

Mwalimu alifundisha ufundi wa kugeuza. "Juma killed the snake" ikawa "The snake was killed by Juma", kengele ikalia, daftari likafungwa. Kwa nini mtu mwenye akili timamu aamue kumtanguliza nyoka na kumweka Juma mkiani, hilo halikusemwa. Kompyuta nayo inatambua umbo la kitenzi lakini haijui ulichokusudia. Kazi yenyewe iko hapo katikati, na mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati: nusu yake anaijua tayari.

Chukua kitenzi kujenga. Inajengwa, ilijengwa, imejengwa, itajengwa, ingejengwa: kinachobadilika kiko mbele, na -jengwa imekaa palepale. Kiingereza nacho hufanya vivyo hivyo kwa maneno yaliyoachana: "is being built", "was built", "has been built", "will be built", "would be built". Wakati wote umebebwa na "be", "built" haitikisiki. Kwa hiyo usijitese kukariri jedwali la nyakati kumi na mbili. Jua umbo la tatu la kitenzi, lile ambalo walimu huliita V3, kisha mchezo mzima uucheze kwenye "be".

Anayeandika "the phone was stole" au "the letter was wrote" hana tatizo la kauli ya kutendwa. Ametumia V2, yaani umbo la wakati uliopita, mahali pa V3, na dawa yake ni kurudi kwenye orodha ya vitenzi. Kosa la pili ni la watu wazima wenye vyeo, nalo ni kuchanganya "being" na "been". Utaliona kwenye barua pepe zenye nembo rasmi: "Your application is been processed." Masikioni maneno hayo mawili yanakaribiana, lakini kila moja lina jirani yake. "Been" hufuata "have", "has" au "had". "Being" hufuata "is", "are", "was" au "were". Basi ni "is being processed" ombi likiwa bado linashughulikiwa, na "has been processed" likiisha. Kama "is being built" inakutatiza, jua kwamba Waingereza wenyewe waliigombania. Hadi mwishoni mwa karne ya 18 kawaida yao ilikuwa kusema "the house is building" kwa maana kwamba nyumba inajengwa, na umbo jipya lilipoingia wapo wanasarufi wa karne ya 19 waliolilaani kuwa ni uchafu wa lugha. Limeshinda.

Kwenye umbo basi hakuna kubwa. Balaa liko mahali ambapo Kiswahili kina uwezo ambao Kiingereza hakina.

Kiswahili kinaweza kumtanguliza karibu mtu yeyote aliyeguswa na tendo. Mwizi ameniibia simu. Kwa hiyo nimeibiwa simu. Simu ndiyo iliyoondoka, lakini mimi ndiye ninayekaa mbele ya sentensi, kwa sababu kauli ya kutendea imeshaniingiza ndani ya kitenzi. Kitenzi "steal" hakina mlango huo. Kinachoibwa kwa "steal" ni kitu, na ukiandika kituoni "I have been stolen my phone", umeanza kuripoti kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyeibwa. Sema "My phone has been stolen". Ukitaka kujitaja wewe, badilisha kitenzi: "I was robbed" ikiwa umenyang'anywa, au "I had my phone stolen" ikiwa ilichukuliwa hivihivi.

Vipo vitenzi vya Kiingereza vinavyokubali kumtanguliza mpokeaji: "give", "tell", "send", "show", "pay", "offer", "teach". Nimepewa, nimeambiwa na nimelipwa huvuka bila tabu: "I was given a form", "I was told to wait", "I was paid in cash". Vingine vinakataa katakata, na vinavyowanasa watu zaidi ni "explain" na "suggest". Nilielezewa utaratibu haiwi "I was explained the procedure". Inakuwa "The procedure was explained to me". Sijui kanuni fupi ya kuwatenga hawa na wale. Kipimo kinachofaa ni kuirudisha sentensi kwenye kauli ya kutenda. Mwingereza husema "tell me" na "give me", lakini hasemi "explain me", bali "explain it to me". Kisichoweza kukaa moja kwa moja baada ya kitenzi hakiwezi kukaa mbele ya sentensi ya kutendwa.

Kwa kipimo hichohicho, kufiwa hakutafsiriki kwa "die", kwa kuwa huwezi "to die someone". Andika "My father died" au "I lost my father". Kufikiwa na wageni hakuwi kwa "arrive". Wageni ndio watakaotangulia. Kunyeshewa, la kushangaza, kunavuka: "We were rained on." Kuzaliwa nako ni sawa pande zote mbili, na hakuna sababu ya kuandika "I born in Tanga" wakati Kiswahili chako chenyewe kimeshakupa "was". Kuolewa kuna mtego. Ukiandika "Asha was married by Salim", msomaji atadhani Salim ni kadhi au padri aliyefungisha ndoa. Asha "is married to Salim", na Salim "is married to Asha". Kiingereza hakitofautishi kuoa na kuolewa.

Halafu kuna -ka ya kauli ya kutendeka. Kikombe kimevunjika si sawa na kikombe kimevunjwa. Cha pili kina mkono wa mtu nyuma yake, hata kama hatajwi. Cha kwanza kinaeleza hali tu. Wanaoandika Kiingereza kutoka Kiswahili huziona zote mbili zina sura ya kutendwa, wakazipa "was" zote. Lakini mara nyingi Kiingereza hueleza -ka kwa kitenzi cha kawaida cha kutenda: "The cup broke", "The door opened", "The rope snapped". Umeme umekatika ni "The power has gone off". Gari limeharibika ni "The car has broken down". Na vitenzi kama "happen", "occur", "die", "arrive" na "disappear" havikubali kutendwa kamwe, kwa kuwa havina kitu cha kutanguliza. Ajali ilitokea: "The accident happened." Ile "was happened" ifutwe popote ilipo. Jumba la Beit al-Ajaib la Mji Mkongwe, Zanzibar, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na kwa Kiingereza "part of it collapsed". Jumba hilohilo "was built in 1883 for Sultan Barghash". Jengo moja limejengwa kwa kutendwa na limeanguka kwa kutenda, na mtembeza wageni anayezishika sentensi hizo mbili ameshika somo karibu lote.

Jambo moja zaidi kabla ya kuacha sarufi, nalo sijaliona likifundishwa inavyostahili. Kiswahili kinaweza kusogeza kitu mbele bila kugusa kauli ya kitenzi: "Barua hii aliiandika baba." Kiambishi -i- kinakumbuka barua, na maana haipotei. Kiingereza hakina kiambishi hicho, ndiyo maana "This letter my father wrote it" inasikika kama sentensi mbili zilizogongana. Unapojikuta umetamka kitu kwanza na mtendaji mwishoni, Kiingereza kinataka kauli ya kutendwa: "This letter was written by my father." Na "by" ni kwa mtendaji, "with" ni kwa kifaa. Mlango ulifunguliwa na Juma kwa ufunguo: "by Juma", "with a key".

Sasa matumizi. Tumchukue mtembeza wageni wa Mombasa anayetaka maelezo mafupi ya Kiingereza kuhusu Fort Jesus. Anaweza kuandika hivi: "Fort Jesus was designed by an Italian, Giovanni Battista Cairati, and built by the Portuguese between 1593 and 1596. It was captured by the Omanis in 1698 after a long siege. Under the British it was used as a prison from 1895 to 1958. It was added to the World Heritage List in 2011."

Kauli ya kutendwa mwanzo hadi mwisho, na sibadilishi hata moja. Mgeni amesimama mbele ya kuta. Kinachompasa kusikia mwanzoni mwa kila sentensi ni kile anachokitazama. Wenye ngome wamebadilika, ngome imebaki, na sarufi inasema hivyo bila kuongeza neno. Ukizigeuza zote kuwa kauli ya kutenda utapata Mwitaliano, kisha Wareno, kisha Waomani, kisha Waingereza, kila mmoja akiingia kwa zamu, na ngome ikisukumwa nyuma ya kila mmoja wao. Hayo yatakuwa masimulizi ya watawala. Kuna siku ndiyo yatakayofaa: akija mgeni kutoka Muscat kufuata historia ya watu wake, mwambie "The Omanis besieged the fort in 1696 and captured it in 1698". Ngome ni ileile na tukio ni lilelile. Anayezungumziwa ndiye aliyebadilika, na kauli imemfuata.

Tazama pia kwamba sentensi mbili za mwisho hazina "by". Nani aliiorodhesha mwaka 2011? UNESCO, lakini msomaji hakuuliza. Sentensi nyingi za kutendwa katika Kiingereza cha kila siku hazimtaji mtenda, na hapa ndipo mazoezi ya shule yametuharibu kidogo, maana yalitudai "by" kila mara, hata kwa kubandika "by someone". "My phone was stolen by a thief": ulitarajia iibwe na nani? Ikiwa mtenda hajulikani, au anajulikana na kila mtu, au hana uzito, muache.

Ripoti ya mlinzi wa zamu inaonyesha hili vizuri zaidi kuliko kitabu chochote cha sarufi. "The store was broken into between 2 a.m. and 4 a.m. Two laptops were taken. The padlock was found on the ground. I called the police at 5.10 a.m." Aliyevunja hajulikani, kwa hiyo sentensi mbili za kwanza zinamwacha nje, na ni haki. Mlinzi akiandika "Thieves broke into the store" ameshatoa hukumu. Huenda ni mfanyakazi mwenye ufunguo aliyelivunja kufuli baadaye kuzuga. Sentensi ya nne imegeuka ghafla kuwa ya kutenda, kwa sababu aliyetenda anajulikana naye ni mwandishi. Angeandika "The police were called", bosi angeuliza: na nani, saa ngapi? Ya tatu ndiyo dhaifu. Kufuli liliokotwa na nani? Kama ni yeye, aseme "I found". Kesi ikifika mahakamani, swali hilo litaulizwa.

Kwa nini basi kauli hii imepata jina baya? William Strunk, profesa wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, aliandika mwongozo mdogo wa uandishi mwaka 1918 akishauri kauli ya kutenda; mwandishi E. B. White aliupanua mwaka 1959 na ukawa kitabu cha mamilioni. George Orwell naye, katika insha ya mwaka 1946 kuhusu siasa na Kiingereza, aliweka kanuni kwamba usitumie kutendwa panapofaa kutenda. Insha hiyohiyo imejaa sentensi za kutendwa, kuanzia aya ya kwanza. Mwanaisimu Geoffrey Pullum amewashambulia Strunk na White kwa miaka mingi, na moja ya hoja zake inauma: mifano mingi ambayo kitabu chao kinaitoa kuonyesha ubaya wa kutendwa haina kutendwa ndani yake. Nadhani Pullum ana haki juu ya sarufi, na Orwell ana haki juu ya watu. Orwell aliogopa lugha inayoficha, na hofu hiyo haijapitwa na wakati.

Januari 1987 Rais Ronald Reagan, akigusia kashfa ya kuiuzia Iran silaha katika hotuba yake ya hali ya taifa, alisema "serious mistakes were made". Makosa makubwa yalifanywa. Sentensi haina kosa la sarufi, na kila mtu alijua nani angepaswa kukaa baada ya "by". Sisi tusicheke sana. Kiswahili cha ofisini kina "makosa yalifanyika" na "fedha zilitumika", ambazo zimezama zaidi, maana -ka haimfichi mtenda tu bali inaondoa hata kiti chake. Ukitafsiri taarifa kama hiyo kwenda Kiingereza, usiongeze ukungu juu ya ukungu.

Kwa hiyo, ukiomba radhi kwa mteja, tumia kauli ya kutenda na ujitaje: "We sent the wrong size. We will replace it by Friday." Ukimdai mteja, geuza. "You have not paid the invoice" ni kidole puani. "The invoice has not been paid" inasema hilohilo bila kumgusa, na huacha nafasi ya yeye kulipa bila aibu. Huo ndio ungwana wa kauli ya kutendwa, na watu wa pwani hawahitaji kufundishwa ungwana wa kutotaja majina.

Kwenye CV hali ni nyingine kabisa. "I was given the responsibility of managing stock" inamwonyesha mtu aliyekabidhiwa kitu, haielezi kama alikifanya. Andika "Managed stock for three branches". Katika maandishi ya kisayansi watu wengi bado wanaamini "we" ni mwiko. Makala ya Watson na Crick kuhusu muundo wa DNA, iliyotoka kwenye jarida la Nature Aprili 1953, inaanza na "We". Tumia kutendwa kwenye sehemu ya mbinu, ambapo sampuli "were heated" na haijalishi nani alishika chupa; lakini unapotoa dai, simama nyuma yake.

Kusoma nako kunahitaji jicho. Vichwa vya habari vya Kiingereza hudondosha "be", kwa hiyo "Two held over cement theft" haisemi kwamba watu wawili walishika kitu. Ni wao walioshikwa. Ukikutana na V3 isiyo na "be" kwenye kichwa cha habari, jaribu kwanza kuisoma kama kutendwa. Chupa za zamani za sumu za Uingereza ziliandikwa "Not to be taken", na mgeni wa lugha angeweza kudhani anakatazwa kuondoka nayo. Maana yake ni kwamba kilichomo kisinywewe. "To be taken after meals" kwenye pakiti ya vidonge ni kitenzi hichohicho: vimezwe baada ya kula.

Nimeiweka mikataba mwisho kwa sababu ndiyo inayokugharimu pesa. Mkataba wa pango ulioandikwa kwa Kiingereza hupenda "shall be". "Rent shall be paid on or before the fifth day of each month": hapa hakuna utata, mlipaji ni wewe. "Repairs shall be carried out within a reasonable time": na nani? Paa likivuja, mwenye nyumba atasoma sentensi hiyo kwa namna yake na wewe kwa namna yako. "The deposit may be withheld": kwa uamuzi wa nani, kwa sababu zipi? Kabla ya kuweka saini, pita na kalamu, zungushia kila "shall be" na "may be", na pembeni yake andika jina. Ukikosa jina la kuandika, omba kifungu kirekebishwe kabla hujatoa hata shilingi. Pendekeza maneno wewe mwenyewe: "The Landlord shall carry out all repairs to the roof, plumbing and wiring within 14 days of written notice from the Tenant." Mtenda yuko mbele, kazi zake zimetajwa, siku zinahesabika, na notisi inajulikana inatoka kwa nani.